Baruapepe za Kikundi: Kuchuja na Kujibu

Swali la baruapepe likitokea katika Karatasi ya Kwanza, watahiniwa wengi hulikimbilia kwa sababu linaonekana jepesi. Nani hajaona baruapepe kwenye simu ya mzazi au kwenye kompyuta ya shule? Hata hivyo, swali hilo lina sura moja inayowatega wengi: pale ambapo barua unayotakiwa kuijibu haikuandikiwa wewe peke yako, bali ilitumwa kwa kikundi kizima. Hapo lugha nzuri haitoshi. Ni lazima jibu lako lionyeshe kwamba unajua unamwandikia nani, na nani mwingine ataisoma barua hiyo.

Jambo hili halimaliziki katika chumba cha mtihani. Miezi michache baada ya kuweka kalamu chini, wengi wenu mtakuwa na anwanipepe zenu wenyewe. Humo zitaingia barua za vyuo, za wafadhili wa karo, za waajiri, pamoja na matangazo yasiyo na idadi. Barua moja ya kukuita kwenye mahojiano ikizama katikati ya matangazo mia tatu, hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha.

Kikundi hufanyaje kazi?

Mwaka 1971 mhandisi mmoja wa Marekani, Ray Tomlinson, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao, na ndiye aliyechagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake. Haukupita muda mrefu kabla ya watu kutaka kuandikiana kwa makundi. Kufikia mwaka 1975 tayari kulikuwa na kikundi cha wataalamu waliokuwa wakijadiliana, kwa baruapepe, kuhusu baruapepe yenyewe. Siku hizo alihitajika mtu wa kuongeza na kufuta majina ya wanachama kwa mkono. Mwaka 1986 Eric Thomas, aliyekuwa mwanafunzi jijini Paris, aliandika programu iitwayo LISTSERV, ambayo ilimwezesha mtu kujiandikisha na kujiondoa kwenye kikundi kwa kutuma amri fupi tu. Vikundi vya leo vinafuata wazo hilo hilo.

Wazo lenyewe ni kwamba kikundi hupewa anwani moja. Ukiandika kwa anwani hiyo, kompyuta inayokisimamia kikundi huichukua barua yako na kumpelekea nakala kila aliye kwenye orodha. Wanachama wanaweza kuwa 12 au 12,000. Wewe uliyeandika huoni tofauti, maana mbele ya macho yako pana anwani moja tu.

Usichanganye anwani ya kikundi na sehemu za juu za baruapepe, ambazo mtahiniwa yeyote anapaswa kuzijua. Sehemu ya KWA hubeba anwani ya mtu anayetarajiwa kutenda jambo au kujibu. NAKALA, ambayo kwenye simu nyingi huandikwa Cc, ni ya yule anayepaswa kufahamu tu. Herufi hizo zinatokana na karatasi ya kaboni iliyotumiwa zamani kutoa nakala kwenye taipureta. NAKALA YA SIRI, yaani Bcc, humpelekea mtu barua bila wapokeaji wengine kumwona. Mwalimu anayewaandikia wazazi mia mbili wasiojuana hufanya vyema kuwaweka wote kwenye nakala ya siri, kwa sababu mbili: anwani zao hazisambai, na mzazi mmoja akibonyeza Jibu Wote, jibu lake halitawafikia wenzake.

Kuchuja

Kuchuja ni kuiagiza programu ya baruapepe itende jambo fulani kila inapoingia barua ya namna fulani. Agizo hilo huitwa kichujio, na lina sehemu mbili, sharti na tendo. Mwanafunzi wa sarufi ataona mara moja kwamba kichujio si kingine ila sentensi yenye -ki- ya masharti: barua ikitoka kwenye kikundi cha chama cha mdahalo, iwekewe lebo ya Mdahalo na iondolewe kwenye kikasha. Ukiweza kuitunga sentensi hiyo kwa Kiswahili sanifu, umekwisha kukitengeneza kichujio. Kilichobaki ni kubonyeza.

Makosa hutokea katika kuchagua sharti. Wengi huchuja kwa jina la mtumaji. Tuseme barua nyingi za kikundi cha chama huandikwa na mwalimu mlezi, nawe unaagiza kila barua yake ipelekwe kwenye lebo ya Mdahalo. Siku mwalimu huyo atakapokuandikia wewe binafsi kwamba fomu yako ya ufadhili ina kasoro na inapaswa kurudishwa kesho, barua hiyo nayo itajificha huko. Wakati huo huo, barua za kikundi zinazoandikwa na wanachama wengine zitaendelea kujaa kwenye kikasha. Kichujio kimekosea pande zote mbili.

Wengine huchuja kwa neno. Umechoshwa na mijadala ya karo kwenye kikundi cha wazazi na wanafunzi, unaagiza kila barua yenye neno “karo” itupwe. Mfadhili akikuandikia kwamba amekubali kukulipia karo, barua yake itakwenda tupioni. Programu haielewi maana. Inalinganisha herufi tu.

Sharti lililo bora ni anwani ya kikundi. Lililo bora zaidi ni alama ya utambulisho ya kikundi. Kila baruapepe husafiri na mistari ya maelezo ambayo kwa kawaida huioni, inayosema imetoka wapi, imepita wapi na jibu liende wapi. Mwaka 2001 wataalamu wa intaneti waliweka kanuni ya mstari mmoja uitwao List-Id, ambao hubeba jina la kikundi na haubadiliki hata wanaoandika wakibadilika. Ukitumia mstari huo kuwa sharti, barua iliyopitia kikundi huchujwa, na barua uliyoandikiwa wewe mwenyewe hubaki kikashani hata kama mwandishi ni yule yule. Huhitaji kukariri jinsi ya kuutafuta. Katika Gmail, ukifungua barua ya kikundi kwenye kompyuta na kuchagua amri ya kuchuja barua zinazofanana nayo, programu yenyewe hulijaza sharti hilo.

Kuhusu tendo, shauri langu ni kwamba usifute kamwe kwa kichujio. Weka lebo. Barua yenye lebo unaweza kuisoma Jumamosi ukiwa na nafasi. Iliyofutwa na kichujio hujui hata kwamba ilikuwapo. Tena, ikiwa uko kwenye vikundi viwili vyenye barua tano kwa wiki, usijisumbue kuchuja chochote. Kichujio kisichohitajika ni mahali pengine pa kusahau kutazama.

Kuchuja ni tofauti na kuripoti barua taka, na ni tofauti na kujiondoa. Barua taka ni ile ambayo hukuiomba na humjui aliyeituma. Ukiiweka barua ya kikundi ulichojiunga nacho kwa hiari katika kundi la barua taka, zitakazofuata nazo zinaweza kupelekwa huko, na Gmail hufuta barua taka baada ya siku 30. Kama kikundi hukitaki tena, jiondoe. Tangu mwaka 2024, Gmail na Yahoo zimewataka wanaotuma matangazo kwa wingi waweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja. Tahadhari moja tu: ikiwa barua inatoka kwa mtu usiyemjua kabisa, anayedai umeshinda zawadi, usibonyeze chochote ndani yake, hata neno la kujiondoa. Hiyo iripoti kuwa taka.

Kujibu

Ukifungua barua utaona amri tatu. Jibu humrudia mwandishi. Jibu Wote humrudia mwandishi pamoja na kila aliye kwenye KWA na NAKALA. Sambaza humpelekea mtu mwingine ambaye hakuwapo. Hivyo ndivyo vitabu vingi vinavyoeleza, na kwa barua ya kawaida maelezo hayo ni sahihi.

Kwenye kikundi mambo hubadilika. Miongoni mwa ile mistari isiyoonekana upo mmoja unaosema majibu yapelekwe wapi, uitwao Reply-To. Msimamizi wa kikundi anaweza kuupanga atakavyo. Katika kikundi kimoja, ukibonyeza Jibu, barua humwendea aliyeandika peke yake. Katika kingine, kitufe hicho hicho huipeleka kwa kikundi kizima. Kwa hivyo usiamini kitufe. Kabla ya kutuma, inua macho uisome sehemu ya KWA. Ukiona anwani ya kikundi, jua kwamba utakachosema kitasomwa na watu wote, pamoja na wale ambao hukuwafikiria: mwalimu mkuu, mzazi wa rafiki yako, hata mwanachama aliyejiunga jana.

Gharama ya kutoinua macho ilionekana nchini Uingereza tarehe 14 Novemba 2016. Mtumishi mmoja wa huduma ya afya ya taifa, NHS, alituma barua ya majaribio kwa orodha ambayo, bila yeye kujua, ilikuwa na takriban watumishi 840,000 wenye anwani katika mfumo huo. Barua hiyo peke yake isingeleta madhara makubwa. Balaa lilikuja na majibu. Watu walibonyeza Jibu Wote wakiuliza kwa nini wameipokea, wengine wakiomba waondolewe kwenye orodha, na wengine wakiwasihi wenzao waache kubonyeza Jibu Wote, huku wao wenyewe wakiwajibu wote. Kila jibu liligeuka kuwa barua laki nane na zaidi. Mfumo ukawa mzito, na watumishi waliokuwa na shughuli za wagonjwa wakawa wanasubiri barua zao zipite.

Halikuwa jambo jipya. Mwaka 1997 kampuni ya Microsoft ilipatwa na mkasa wa namna hiyo kwenye orodha ya ndani iliyoitwa Bedlam DL3, yenye watu wapatao 13,000. Wale walikuwa wataalamu wa kompyuta, nao pia waliandika kwa wote: “niondoeni.” Ukitaka kuondolewa kwenye kikundi, tumia njia ya kujiondoa au mwandikie msimamizi. Kikundi hakiwezi kukuondoa. Kinaweza tu kusoma malalamiko yako.

Je, ni lini basi ujibu wote? Jiulize kama jibu lako lina faida kwa wengi kati ya watakaolisoma. Mtu akiuliza mkutano ni saa ngapi, na wewe unajua, kijibu kikundi, kwa kuwa wengine huenda hawajui. Mtu akitangaza kwamba amefiwa, rambirambi zako mwandikie yeye. Mambo ya fedha za mtu, afya ya mtu na makosa ya mtu hayaendi kwenye kikundi hata kama yalianzia huko. “Asante” na “Sawa” pia haziendi. Zikitoka kwa watu sitini zinachosha.

Yako mambo mawili zaidi ambayo hayafundishwi sana. La kwanza ni kunukuu. Ukijibu, programu hubandika barua ya zamani yote chini ya jibu lako, na baada ya majibu kumi msomaji hubeba mkia mrefu asiouhitaji. Bakiza sentensi moja au mbili unazozijibu, futa zilizobaki. La pili ni mada. Jibu linaloendeleza hoja ile ile libakize mada ile ile ili barua zipangike pamoja. Ukiwa na hoja mpya, anza barua mpya. Usichukue barua ya zamani, ukafuta maneno yake na kubadilisha mada. Kuna mstari mwingine usioonekana unaotaja barua inayojibiwa, na programu nyingi zitaendelea kuining’iniza barua yako chini ya mazungumzo ya zamani, ambako wasiojali mazungumzo hayo hawataiona.

Ukikosea? Gmail hukupa nafasi ya kutendua kutuma, kati ya sekunde 5 na 30 kulingana na ulivyopanga. Panga 30. Zikipita, barua imekwenda; andika kuomba radhi mara moja, kwa ufupi.

Swali la kielelezo

Wewe ni katibu wa Chama cha Kiswahili shuleni mwenu. Mratibu wa mashindano ya mdahalo ya kaunti ametuma baruapepe kwa kikundi cha makatibu wa shule zote, akitaka kila shule ithibitishe kushiriki na kueleza mahitaji maalumu ya wanafunzi wake. Andika baruapepe ya kumjibu. (alama 20)

KUTOKA: katibu@shuleyetu.mfano
KWA: mratibu@mdahalo.mfano
NAKALA: mlezi@shuleyetu.mfano
TAREHE: 12 Mei 2025
MADA: Kuthibitisha kushiriki mdahalo wa kaunti

Kwa Bi. Mratibu,

Nimepokea baruapepe yako ya tarehe 9 Mei iliyotumwa kwa makatibu wote. Ninakujibu wewe peke yako kwa sababu baadhi ya maelezo yaliyomo humu yanahusu afya ya wanafunzi.

Shule yetu itashiriki. Tutaleta wanafunzi sita na mwalimu mmoja. Orodha ya majina imo katika kiambatisho.

Uliuliza: “Je, wapo wanafunzi wenye mahitaji maalumu?” Ndiyo, wawili. Wa kwanza ana ugonjwa wa pumu na hubeba dawa yake ya kuvuta. Tunaomba asilazwe katika chumba chenye vumbi. Wa pili hutumia kiti cha magurudumu, hivyo tungependa kujua kama ukumbi una njia isiyo na ngazi.

Aidha, tarehe ya mwisho ya kulipa ada ya kushiriki haikutajwa. Tafadhali tujulishe kabla ya Ijumaa ili mlezi wetu apate muda wa kuwasilisha ombi kwa mwalimu mkuu.

Wako mwaminifu,
Katibu, Chama cha Kiswahili

Jibu hili tumelifupisha. Mtihanini insha yako isipungue maneno 400. Upanue kwa kueleza matayarisho ya timu, usafiri na siku ya kuwasili, si kwa kurudia salamu.

Tazama mambo yanayolipa nguvu. Anwani iliyo kwenye KWA ni ya mratibu, si ya kikundi, na mwandishi ametoa sababu kwa sentensi moja. Mlezi amewekwa kwenye NAKALA kwa kuwa anapaswa kufahamu, hatakiwi kujibu. Mwalimu mkuu hakuwekwa, na hakuna haja. Kuna watahiniwa wanaojaza sehemu hiyo na vyeo vyote vya shule kana kwamba ni orodha ya wageni wa heshima. Swali la mratibu limenukuliwa kwa kifupi, kisha likajibiwa papo hapo. Hoja ya ada nayo ingeweza kwenda kwa kikundi chote katika barua ya pekee, maana huenda makatibu wengine wana shaka iyo hiyo. Mtahiniwa akilitaja hilo ndani ya insha ataonyesha ukomavu.

Makosa yanayojirudia ni kuandika S.L.P. na anwani ya posta juu ya baruapepe, kusahau mada, kutia sahihi ya mkono mwishoni, na kuandika “xaxa”, “cjui” au “2taonana” kwa kisingizio kwamba ni mtandao. Barua hii ni rasmi. Sajili yake ni ile ile ya barua rasmi ya karatasi. Kilichobadilika ni muundo tu.

Zoezi

1. Mwanafunzi ametengeneza kichujio hiki: “Barua ikitoka kwa mwalimu wa Hisabati, iwekwe kwenye lebo ya Kikundi cha Hisabati.” Eleza jinsi kinavyoweza kumdhuru, kisha ukitunge upya. (alama 4)

2. Umepokea barua ya kikundi ikisema kwamba mwenzenu hajamaliza kulipa mchango wa safari. Unajua sababu: mama yake amelazwa hospitalini. Utamjibu nani, na utaandika nini? (alama 6)

3. Eleza kwa nini ombi la “niondoeni kwenye kikundi hiki” huongeza tatizo linapotumwa kwa wanachama wote. (alama 3)

4. Wewe ni msimamizi wa kikundi cha baruapepe cha wahitimu wa shule yenu. Waandikie wanachama ukiwaeleza ni barua zipi zitumwe kwa kikundi na zipi zitumwe kwa mtu binafsi. (alama 20)